Betri Namba Mbili

Teksi yangu ina betri moja, kama magari yote ya watu wenye akili timamu. Tofauti ni kwamba ya kwangu ina namba. Imeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe, 2, mwandiko wa mke wangu, na asubuhi kabla sijaenda kazini lazima nisaini daftari ndipo niruhusiwe kuichukua. Yaani nasaini kuchukua betri yangu mwenyewe, kuipeleka kwenye gari langu mwenyewe. Madereva wenzangu wakisikia hivyo wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu, hawamjui Opereta.

Opereta ndiye mke wangu. Jina hilo alipewa kazini likamfuata mpaka nyumbani, hata mama yangu mzazi alikuwa akimwita hivyo. Kwa miaka thelathini na moja alikaa mbele ya mitambo ya simu, hedifoni sikio la kushoto, akiwaunganisha watu wa mji huu na watu wa miji mingine. Ukitaka simu ya mbali, ulikuwa unapitia kwake. Alikuwa na sikio ambalo mafundi wenyewe waliliogopa. Akisema waya fulani umeingia maji, fundi habishi, anabeba ngazi na kwenda.

Mimi nilinaswa na sikio hilo kabla sijauona uso wake. Wakati ule nilikuwa dereva wa lori la kampuni ya mbao. Siku moja nilimpigia bosi kutoka mji wa pili, nikamwambia lori limeharibika, liko gereji. Ukweli ni kwamba lilikuwa limebeba makochi na vitanda vya dada yangu aliyekuwa anahama. Bosi akapokea udhuru wangu, akakata. Kabla sijaweka simu chini nikasikia sauti ya mwanamke, tulivu kabisa: "Kaka, siku nyingine ukitaka kudanganya, kohoa kwanza mbali na simu."

Nilitoa macho. Opereta haruhusiwi kusikiliza mazungumzo ya watu, na huyu ananipa ushauri! Kumbe nina tabia ambayo sikuwa naijua: kabla ya kusema uongo nakohoa, kikohozi kidogo kikavu. Nilienda kituo cha simu kumgombeza, nikafika nikasahau maneno yote, na miezi minane baadaye tukaoana. Tangu siku hiyo sijafanikiwa kumdanganya hata mara moja. Nikikizuia kikohozi mdomoni, kinatokea puani.

Kitu kimoja alichokipenda pale kazini kuliko hata mshahara ni chumba cha betri. Wengi hawajui, lakini simu zile za zamani zilikuwa zinaongea kwa nguvu ya betri. Umeme wa mji ukikatika, mashine za kusaga zinanyamaza, barafu ya mafriji inayeyuka, na simu zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Chini ya jengo kulikuwa na chumba kizima cha betri kubwa kwenye rafu, na kila zamu ilikuwa na daftari: betri namba fulani, volti ngapi, maji yameongezwa au la, saini. Unavua pete kabla ya kuingia, isije ikagusa vichwa vya betri ikapiga cheche. Kiberiti unakiacha mlangoni. Opereta hakuwa na kazi yoyote humo, lakini wakati wa mapumziko alikuwa akishuka kwenda kukaa. Alisema ndiyo sehemu pekee ya mji huu isiyovuma.

Ikaja mitambo mipya inayojiunganisha yenyewe. Opereta akapewa cheti na saa ya ukutani, akarudi nyumbani na sikio lake, na likaanza kunifanyia kazi mimi. Nikikata kona ya mtaa wetu, kabla sijazima gari anapiga kelele dirishani: "Bushi ya mbele kushoto imekwisha!" Nabisha. Naenda kwa fundi. Bushi ya mbele kushoto imekwisha.

Ili apate kitu kingine cha kusikiliza, nilimsaidia kutoa stoo vyombo vya muziki tulivyorithi kwa marehemu baba yake: amplifaya nzito kama mfuko wa saruji, mashine ya santuri, na spika mbili zinazonifika kiunoni. Na santuri zenyewe, ambamo alikuwa anaitafuta moja tu. Ni ya mpiga gitaa mmoja, yuko peke yake, hana mwimbaji wala ngoma. Kabla hajagusa uzi wa kwanza, yule mtu anavuta pumzi. Opereta alikuwa na miaka saba baba yake alipomkalisha kwenye zulia na kumwambia, "Tega sikio, usikie mtu anavyojiandaa." Aliisikia. Anasema masikio yake yalizaliwa siku hiyo, mengine yote yalifuata.

Basi tukafunga vyombo, tukachomeka ukutani, akaweka sindano. Nikasikia gitaa, nikaanza kutikisa kichwa. Yeye alikuwa amekunja uso.

"Pumzi iko wapi?"

"Pumzi gani? Muziki si huo?"

"Kuna mvumo," akasema. "Mnene. Umeimeza pumzi."

Mimi sikusikia mvumo wowote, na nilisema hivyo bila kukohoa. Haikusaidia. Alizima friji, nyama ikaharibika. Aliiteremsha ile saa yake ya zawadi akaifunga ndani ya blanketi. Alivuka barabara kumwomba mchomelea mageti azime mashine yake dakika tano tu, na yule bwana akamjibu kwa heshima zote kwamba mashine yake iko kwa fundi tangu wiki iliyopita. Siku moja nimekaa kwenye kochi sina hili wala lile, akaniangalia kwa muda mrefu, akaniambia nipumue taratibu.

Fundi redio ndiye aliyetuponza. Alifungua amplifaya, akachungulia, akasema mama yuko sahihi, umeme wa ukutani ndio unaovuma, unapita mpaka kwenye spika. Halafu akaropoka: "Hii ndani yake inataka volti ishirini na nne tu. Ungekuwa na betri mbili za gari..." Hakumaliza. Nilimwona Opereta anavyonyooka mgongo, nikajua yamenikuta.

Betri ya kwanza aliinunua mpya. Ya pili aliifuata nje, chini ya boneti ya teksi yangu, kwa spana namba kumi. Fundi akaziunganisha, kichwa cha hii kwenye mkia wa ile, akaipa mashine ya santuri kibetri chake cha pikipiki, na nyuma ya amplifaya akaweka swichi: juu ukutani, chini betri. Kona ya sebule ikawa chumba cha betri. Kukawa na rafu, chupa ya maji ya betri, kopo la mafuta ya mgando ya kupaka vichwa vyake visiote kutu, na daftari linaning'inia kwa kamba. Pete yangu ya ndoa nikawa navua mlangoni mwa sebule yangu, naiweka kwenye kisosi. Wageni walikuwa wanaiona, wananiangalia kwa huruma.

Lakini niseme ukweli. Jumapili ile aliposhusha swichi na kuweka sindano, chumba kilitulia kwa namna ambayo sijawahi kuijua. Kisha mtu akavuta pumzi. Nilidhani ni mke wangu. Nikageuka, nikamkuta ameziba mdomo kwa viganja viwili, na machozi yanateremka. "Ndiyo huyo," alisema. "Ndiyo huyo, Dereva." Aliirudia mara tisa, na mimi nilikaa mara zote tisa, sikulalamika.

Tukaishi hivyo miezi mitatu. Jioni natoa betri kwenye gari, naingiza ndani, anasikiliza, usiku inakula chaji, asubuhi nasaini naondoka nayo. Mgongo ulikuwa unauma, lakini mke ana furaha. Halafu, siku moja tukiwa tunakula, akaweka kijiko chini.

"Umerudi."

"Nani?"

"Mvumo. Ila huu si ule wa kwanza. Ule ulikuwa mnene, huu mwembamba."

Alizilaumu nyaya, akabadilisha zote. Akailaumu betri namba moja, akaipima asubuhi na jioni mpaka ukurasa ukajaa. Mwisho akaigeukia yangu. Eti betri ya teksi imezoea barabarani, imeingiwa na kelele za injini. Nilikasirika. Nilimwambia betri haina masikio wala kumbukumbu, na kwamba mimi sisikii kitu, sijawahi kusikia kitu, na maji yamenifika shingoni. Akanijibu kwamba mtu aliyeendesha lori miaka kumi na sita hawezi kuulizwa habari za mvumo. Tulilala kila mtu na ukuta wake.

Nina mteja wangu, mwalimu wa hesabu, ambaye kila Jumatano nampitia kwake na kumpeleka shuleni. Jumatano moja alikuja mwenyewe mpaka nyumbani mapema, na mafurushi mawili ya mitihani, akaketi kiti cha nyuma. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Nikazungusha tena. Hata tk haikuwepo. Nikafungua boneti: shimo tupu, na nyaya mbili zimelala pembeni. Baadaye nilikuta daftari lina maelezo kamili: *Namba 2, imetoka gari saa 12:40 asubuhi, kwa uchunguzi.* Nilikuwa bafuni nanyoa ndevu.

Niliingia ndani kwa hasira, mwalimu nyuma yangu anatazama saa yake. Opereta alikuwa amepiga magoti mbele ya spika ya kushoto. Akainua mkono bila kugeuka, mkono ule ule wa kusimamisha foleni ya simu, na sisi wanaume wawili wazima tukasimama. Santuri ilikuwa inaanza.

"Loo!" mwalimu akasema. "Huyu mtu amevuta pumzi!"

Opereta akageuka. "Umeisikia?"

"Nimeisikia mama, kama yuko humu humu."

"Na mvumo je?"

Mwalimu akasikiliza kwa adabu, kichwa upande, kama anavyosikiliza mwanafunzi anayebahatisha jibu. "Mvumo upi, mama?"

Mke wangu aliinua sindano kwenye santuri. Alinyanyuka, akachomoa nyaya za betri namba mbili mwenyewe, akaniambia nimwahishe mwalimu. Hakuniletea hata daftari nisaini. Hilo lilinitisha kuliko ugomvi wowote tuliowahi kugombana. Siku ile nilichukua abiria wanne nikawapeleka siko, kwa sababu akili yangu ilikuwa imebaki pale sebuleni. Mwalimu, aliyeingia kwa mara ya kwanza, ameisikia pumzi. Opereta, mwenyewe, hakuisikia.

Jumapili mchana aliniita. Alikuwa amezima swichi kuu ya nyumba. Nyaya zote amezikunja juu ya meza, betri zote tatu amezipanga nje uani, juani, kama watoto waliofukuzwa darasani. Saa iko ndani ya blanketi. Spika zimegeuzwa uso ukutani. Hapakuwa na kitu chochote humo ndani kilichoweza kuvuma.

"Kaa," akasema. Nikakaa. "Sikiliza vizuri, Dereva. Usinijibu kwa hasira. Unausikia?"

Nilimtazama. Kiganja kilikuwa kimefunika sikio la kushoto, alivyokuwa akikaa kazini, na macho yake yalikuwa yananiomba. Miezi yote ile nilikuwa nimemjibu kwa ukali kwamba sisikii kitu. Siku hiyo sikuweza. Huyu ni mwanamke aliyekuwa anaambiwa na mafundi, sikio lako ndilo kipimo chetu. Niliogopa kuwa mimi ndiye wa kumwambia kwamba kipimo kimeharibika.

Nikasema, "Nausikia."

Lakini kabla ya kusema, nilikohoa.

Alinisogelea. "Rudia."

"Nausikia, kwa mbali. Mwembamba hivi..." Na kikohozi kingine kikatoka katikati ya sentensi, bila haya.

Akaanza kucheka. Alicheka sana, mabega yanatikisika, na mimi nikacheka naye kwa kudhani tumeokoka, mpaka nikaona kwamba hacheki tena. Alishusha mkono kutoka sikioni, akautazama kama vile ungekuwa na kitu ndani.

"Basi ni wangu," alisema. "Nimeisingizia betri yako bure."

Niliumia, sina njia nyingine ya kulisema hilo. Nilimshika mkono na sikujua la kumwambia, kwa sababu maneno yote niliyokuwa nayo yalihitaji kikohozi.

Daktari wa masikio alikuwa binti mdogo, mpole. Alimvalisha hedifoni, akampima, akamweleza kwamba sikio la kushoto limefanya kazi nyingi kwa miaka mingi, mvumo hautoki nje, huenda ukapungua, huenda ukabaki. Opereta alisikiliza yote kwa utulivu. Kisha akamuuliza kama anajua kwamba waya wa hedifoni yake umelegea upande wa kulia. Daktari akacheka kidogo, akaushika, akautikisa. Hakucheka tena, akamwita muuguzi alete nyingine.

Tuliporudi nyumbani alipandisha swichi juu, ukutani. Akavunja rafu, akanipa betri yangu moja kwa moja, ya daima. Nilipaswa kufurahi. Asubuhi natoka nje, nazungusha ufunguo, gari linawaka, sisaini popote. Mgongo ukapona. Muziki alikuwa anauweka bado, lakini akifanya kazi nyingine, anakunja nguo, anachambua mboga, kama mtu aliyefungulia redio ili nyumba isiwe kimya. Ile santuri hakuigusa.

Wiki ya tatu niliiweka mimi. Sijui nilitaka nini, labda nilitaka tu kumwona akigeuza kichwa. Alikuwa kwenye kochi anashona kifungo cha shati langu. Nikaweka sindano, nikakaa, nikasubiri pumzi.

*Mmmmmm.*

Nikainuka nikazima friji. *Mmmmmm.* Nikaifunga saa ndani ya blanketi. Nikachungulia dirishani, mchomelea mageti alikuwa amekaa kwenye kiti chake anakula karanga. Nikarudisha sindano mwanzo, nikaweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Ulikuwa mnene, unatoka chini, na gitaa lilianza bila pumzi kusikika kabisa.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Kuna mvumo."

Hakuinua uso. "Dereva, ulishanihurumia mara moja, inatosha. Huo ni wangu."

"Si wako. Wako ulisema mwembamba. Huu ni mnene, umeimeza pumzi."

Sindano ya kushonea ikasimama hewani. Aliniangalia, lakini si machoni, aliniangalia kooni. Alikuwa anasubiri. Nami nilikuwa nasubiri, kwa sababu hata mimi kikohozi kile sikiamini. Hakikuja. Tulikaa hivyo, gitaa linapiga, na koo langu kavu na safi.

"Tangu lini unasikia mvumo wa ukutani?" akasema taratibu.

"Sijui. Wewe ndiye uliyeniharibu."

Nikachukua spana namba kumi nikatoka nje. Nilifungua boneti, nikalegeza vichwa, nikaibeba betri kifuani kama mtoto mkubwa asiyetaka kutembea. Nilipofika barazani mlango ulikuwa tayari uko wazi, ameushika kwa mguu, na kisosi cha pete kiko mkononi mwake. Nikavua pete. Namba moja ilikuwa nyuma ya kochi, imepakwa mafuta ya mgando, imejaa chaji, na kile kibetri cha pikipiki kando yake. Kumbe hakuwa ameacha kuzitunza. Alinisimamia mpaka nikaunganisha, akanigombeza mara mbili kuhusu mkia na kichwa, kisha akashusha swichi.

Safari hii hakupiga magoti mbele ya spika. Alikaa akitazamana nami. Nikaweka sindano. Chumba kikatulia, na yule mtu akajiandaa.

Nikainua kidole.

Hakuuliza kama nina hakika. Alikwenda ukutani akachukua daftari, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe na saa. Akaandika: *Pumzi imesikika.* Chini yake akachora mstari, akanigeuzia daftari na kalamu. Kwa miezi yote ile nilikuwa nasaini kuchukua betri tu. Mambo ya kusikiliza alikuwa akisaini yeye peke yake.

"Saini," akasema. "Zamu ni yako."

Nikasaini.